Nguzo ya Kati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nchi yao na mtemi wao, palikuwa na desturi moja nzuri. Kila baada ya mavuno, kila nyumba ilileta nguzo moja mpya, imechongwa alama ya nyumba hiyo. Nguzo zilizooza katika Jumba la Baraza ziling'olewa, mpya zikasimikwa. Jumba lilikuwa la wote, na lilidumu miaka na miaka.

Akaja Kifaru kutawala. Nguzo alizipokea zote, hata asante hakusema, akazijengea maghala yake mwenyewe! Zile za barazani akazipaka chokaa. Nje nyeupe pe, ndani mchwa wanakula. Aliyeuliza alikemewa, "Unavuruga utulivu wa nchi!"

Utulivu! Watoto wangu, hasira hunipanda hata leo nikikumbuka.

Siku moja Bwana Pimbi, mnyama mdogo tu wa majabalini, alisimama barazani. "Mtemi, nguzo ya kati imeoza. Itatuua."

Basi! Akakamatwa, akatiwa shimoni nyuma ya maghala. Hukumu ikatoka: kesho jioni atatupwa kwa mamba.

Mkewe, Bi Pimbi, alilia kidogo, kisha hasira ikayakausha machozi. "Mume wangu afe kwa kusema kweli? Hafi mtu hapa!" Kulipokucha akajifunga kibwebwe, akaenda kwa mtemi.

"Hodi! Shikamoo, Mtemi."

"Marahaba. Umekuja kumwombea yule mchochezi?"

"Mimi? Thubutu! Ameniaibisha mwongo yule. Lakini watu wananong'ona. Ukimuua, watasema kweli imemponza."

"Nani ananong'ona? Mtaje!"

"Wote, Mtemi. Ukiwatupa wote kwa mamba, utamtawala nani? Wazibe midomo. Waite wasimame uwanjani, waone vizuri. Wewe ingia jumbani peke yako, ujikune mgongo kwenye ile nguzo ya kati. Isipotikisika, mtupe mume wangu, na mimi nimfuate."

Kifaru alikuwa ameipaka nguzo ile chokaa miaka mingi, mpaka akaiamini chokaa yake mwenyewe.

"Haya!" akanguruma. "Pigeni mbiu!"

Alasiri uwanja ukajaa. Swala, mwanawe mgongoni, alitaka kujibanza kivulini penye ukuta wa jumba. Bi Pimbi akamvuta mkono.

"Rudi nyuma, mama. Nyuma kabisa!"

Kifaru akaingia, akaipa nguzo mgongo. Kwaru, kwaru. Unga wa mchwa ukamwagika.

"Mnaona? Imara!"

"Hatujaona vizuri," Bi Pimbi akapaza sauti. "Jikune kama mtemi, baba!"

Kwaru! Kwaru! Kaa!

Nguzo ikakatika. Zilizobaki nazo zikafuata, maana zote zilikuwa maganda matupu. Puuu! Paa zima likashuka, ikabaki pembe moja tu ya Kifaru nje ya vumbi.

"Jamani, nakufa! Nitoeni!"

"Subiri," Bi Pimbi akamjibu. "Tulia. Si unapenda utulivu?"

Kwanza wakamtoa Bwana Pimbi shimoni. Kisha wakayavamia maghala, wakazing'oa nguzo moja moja. Nyani akaikuta yenye alama ya nyumba yao, akaipigapiga kwa kiganja na kulia kwa uchungu. "Hii baba aliibeba begani akiwa mgonjwa! Kumbe imeshikilia mtama wa Kifaru!"

Jumba likaanza kusimamishwa siku ileile, kwa nguzo za watu wenyewe. Jua lilipokuchwa ndipo wakamfukua Kifaru, akichechemea, utemi umekwisha. Bi Pimbi akamtupia shoka miguuni.

"La nini hili?"

"Na wewe una nyumba. Tangu utawale hujaleta hata nguzo moja. Nenda msituni ukakate yako."

Akaliokota, akaenda.

Nchi haitulii kwa kuwafunga wanaouona uozo. Hutulia uozo unapong'olewa.