Kofia ya Mwisho ya Bi Shemsa

“Wifi, kofia hii umeishona usingizini?”

Ndivyo alivyosema Raya mbele za watu, hapo zamani, kofia za Idi zilipokuwa zikishonwa kwa mkono. Kina mama walikaa barazani baada ya alasiri, kila mmoja na sindano yake, kahawa inapita, umbea unapita. Ah, siku zile!

Aliyeambiwa ni Bi Shemsa, ambaye mtaa mzima haukuwa na mkono kama wake. Akaileta kofia karibu, akaipeleka mbali.

“Ina nini?”

“Vitobo vya nakshi vimetawanyika kama kuku walioona kicheche!”

Watu wakacheka. Mkwe wa Bi Shemsa, Salha, akainama. Salha ndiye aliyekuwa akimtungia uzi kila asubuhi. Jioni alifumua palipopinda, akashona upya, kimya. Siku ile tu hakuwahi.

Bi Shemsa akaenda kupimwa macho kwa hasira. Hakutaka dawa, alitaka daktari aseme ni mazima, ili yeye akamsute Raya. Daktari akaziba jicho la kushoto: anaona. Akaziba la kulia: giza.

“Presha ya jicho, mama. Inakula polepole, wala haiumi. Hili limekwenda, halirudi. La pili tumeliwahi, kwa dawa ya matone. Ungekuja kupimwa kila mwaka, hata kama huumwi, pengine tungeyawahi yote.”

Kwa miwani na jicho moja, akashona kofia moja, nzuri kama za zamani. Akasema hii ndiyo ya mwisho. Hapo ugomvi ukaanza.

Salha akasema, “Mama, mimi nilikuwa macho yako. Avae mwanao, mume wangu.”

“Macho yake?” Raya akaruka. “Wewe ndiye uliyemficha ugonjwa! Ulimi wangu ndio uliompeleka kwa daktari. Avae mwanangu.”

Mume wa Bi Shemsa, Mzee Haji, akakohoa. “Mimi napimwa kila mwaka, na kila mwaka nilimwita. Angenisikia, angekuwa na macho mawili. Nivae mimi.”

“Ulimwita, kaka,” Raya akamkata. “Alipokataa, ukavaa viatu ukaenda zako!”

Bi Shemsa anapapasa vitobo kwa kidole, anaikumbuka baraza ilivyokuwa imejaa.

Je, kofia ilistahili kichwa cha nani? Usinijibu mimi, mjukuu wangu. Mpelekee mwenzio kisa hiki, naye ampelekee mwenzie. Ila kabla hajajibu, muulize: macho yake alipima lini?