Mwinyi wa Chumbani

Hapo zamani, bibi zenu hawajaota meno, alikuwako mzazi wa mimba ya kwanza, Saumu, angali ndani ya arobaini yake. Mila mnaijua: mzazi hachoti maji, hatwangi, hakanyagi uani, huletewa uji wa pilipili manga kitandani, na kigae cha makaa huwekwa uvunguni apate joto.

Siku hiyo somo wake, Bi Hidaya, aliyemfunda tangu uari, akaja akamnong'oneza: "Mwanangu, wifi yako kasema kisimani wewe ni mwinyi."

Mwinyi, yaani bwana mkubwa, mtu wa kukaa kitako akaletewa, asiyejua kuni zinaokotwa wapi. Saumu akaganda. Jana tu mumewe, Shomari, alichungulia mlangoni akasema, "Mwinyi wangu, umeshiba?" kisha akacheka. Kumbe. Kumbe wanalo nyumba nzima. Wakicheka uani, ni yeye. Wakinyamaza, ni yeye. Hata uji sasa akaunusa kwanza. Watamrudisha kwao kwa uvivu, mtoto watabaki naye. Akainuka, mtoto akamwacha kitandani, akatoka mbio uani akashika mchi. Bi Hidaya naye akamfuata nyuma, akimsihi arudi.

Huku ndani kanga iliyoning'inia kitandani ikagusa makaa. Shomari akauona moshi, akajitosa chumbani, akamtoa mtoto. Mzima, ila unyayo umebabuka.

"Mwenye kosa hili," akasema, "hamshiki tena mwanangu."

Wifi mtu, Mwanakheri, akatua mtungi. "Nilisema, ndiyo, na maji yake nimejitwika. Utani wa wifi umeanza leo? Neno halichomi kanga."

Bi Hidaya akasema, "Mwari wangu asengenywe, mimi nimfiche? Ningekuwa somo gani?"

Saumu maneno yakamtoka yakikanyagana: "Nikilala mnasema, nikiinuka mnasema, na makaa sikuyaweka mimi, nilitaka tu msinitenge na mwanangu, nipeni, nipeni anataka ziwa."

"Na wewe, kaka," Mwanakheri akauliza, "wewe humwiti mwinyi?"

Mtoto alikuwa akitafuta ziwa kwenye kifua cha baba yake.

Haya, nyinyi mnaotazamana: yuko aliyesema, yuko aliyefikisha, yuko aliyeinuka, na yuko huyu anayehukumu. Je, nani asimshike tena mtoto?