Chui Aliyeliokoa Jino Lake

— Hadithi imebisha hodi.
— Karibu, na iingie.
— Inauliza kama mna masikio.
— Tunayo, na yote yako wazi.
— Basi isogezeeni mkeka ikae.

Alikuwapo Chui. Aliishi kwenye majabali makubwa, yaliyopandana kama magunia ya mtama. Chui huyo alikuwa na nguvu, na alikuwa na choyo. Akiua swala, alikula kidogo, kilichobaki akakipandisha mtini. Akiua mwingine, alikula kidogo, kilichobaki akakipandisha mtini. Nyama ikaning'inia, nyama ikaoza, nyama ikadondosha funza. Ukimwomba kipande anakuuliza, "Tumbo lako limeanza lini kuwa tumbo langu?"

Sasa siku moja akamwona Tai na mfupa. Mfupa mkavu, mfupa mweupe, hauna hata ukano. Tai aliudondosha mwambani ili uvunjike. Chui akaruka, akaukanyaga.

"Huu ni wangu."

"Bwana Chui, huo hauna nyama," Tai akasema.

"Hata kama hauna nyama, una mwenyewe. Na mwenyewe ni mimi."

Akautia mdomoni, akaubana kwa nguvu zake zote. Kwa!

Kilichovunjika hakikuwa mfupa.

Lilipasuka chonge lake la juu, la upande wa kulia. Mnayajua machonge? Ni yale meno marefu ya pembeni, ambayo chui humkabia mnyama kooni. Lilipasuka toka ncha mpaka kwenye ufizi. Mwanzo liliuma kidogo, ndwi. Kesho yake likauma ndwi, ndwi. Kisha shavu likavimba kama boga, na jino likawa halipumziki tena: ndwi, ndwi, ndwi, mpaka sikioni, mpaka jichoni, mpaka kwenye unyayo.

Chui akaenda kwa Kima. "Kima, jino linaniuma. Nifanyeje?"

Kima akachungulia, akaziba pua. "Dawa ya jino bovu ni kung'oa."

Chui akaenda kwa Ngiri. "Ngiri, jino linaniuma. Nifanyeje?"

Ngiri akayatazama meno yake mwenyewe yaliyopinda. "Usithubutu kung'oa. Mimi bila haya ni nguruwe tu. Wewe bila hilo, watakuita paka."

Neno paka likamwingia Chui kuliko maumivu. Akarudi majabalini, akalala, akaamka, akazunguka. Niling'oe? Nitaitwa paka. Niliache? Nitakufa. Niling'oe? Niliache? Na jino nalo linamjibu: ndwi, ndwi, ndwi.

Wakati huo wote njaa haikumngoja aamue. Nyama ngumu haitafuniki. Akasema, "Nitakula kitu laini."

Katika ufa wa majabali yale alikaa Pimbi mmoja, jina lake Siwatu. Pimbi ni mnyama mdogo wa mawe, mnene, hana mkia, ukimtazama haraka utadhani panya aliyeshiba. Siwatu alikuwa mjane, ana watoto watatu. Asubuhi ile watoto walikuwa nje wanaota jua, wamebanana, wamefumba macho. Chui akashuka kutoka juu kama kivuli. Wawili wakawahi kuingia ndani. Wa tatu hakuwahi.

Hakumtafuna. Alimmeza mzima, kama mtu anavyomeza kidonge.

Siwatu aliona kwa macho yake. Alisimama kwenye mlango wa ufa, mdomo wazi, mikono imeganda, kama jiwe mojawapo la pale. Kima alikuwa juu ya mti. Tunda likamtoka mkononi likaanguka. Wote walikuwa wamezoea Chui kuua, lakini hawakuwa wamezoea kuona mtoto akipotea hivyo, bila hata alama.

Chui akajilaza mbele ya ufa.

"Siwatu, nitolee mwingine. Usiponitolea, nitalala hapa hapa mpaka kiu iwatoe wote."

Ndani ya ufa watoto wawili walikuwa wanatetemeka. Siwatu akawaambia, "Kaeni nyuma kabisa. Asikohoe mtu." Akajifuta uso, akatoka.

Mpo?
— Tupo.
Mnapumua?
— Kidogo.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Umemleta?"

"Sijamleta. Nimekuja kukutazama mgonjwa. Shavu lako limekuwa kubwa kuliko kichwa changu."

"Ni jino," Chui akasema, na sauti ikapungua. "Kima anasema ning'oe. Ngiri anasema niliokoe. Wewe unasemaje?"

"Sijaliona, nitasemaje? Fungua."

Chui akamtazama. "Ukinidanganya, nitafunga."

"Najua."

Akafungua. Siwatu akaingiza kichwa, kisha shingo, kisha mabega, mpaka kiunoni. Humo ndani kulinuka nyama ya juzi na juzi yake. Akaliona chonge la kulia, jeusi, limepasuka, linatoa usaha. Akayaona machonge mengine matatu, meupe, makali, yanang'aa. Nyuma ya hayo akayaona magego yaliyochongoka kama misumeno. Na mbele yake akaliona koo. Ndipo mtoto wake alipopita. Siwatu akalitazama lile koo kwa muda.

Mara ile, ndani ya ufa, mtoto mmoja akakohoa. Kho.

Chui akasikia. Mate yakamjaa. Taya zikaanza kufunga zenyewe, pole pole, Siwatu akiwa ndani hadi kiunoni. Basi lile jino bovu likaugusa mgongo wake. Ndwi! Chui akafungua mdomo upesi, machozi yakamtoka.

Siwatu akatoka, manyoya yamelowa mate. Sauti yake ilikuwa ile ile.

"Bwana, nimeliona. Jino lako halina kosa. Jino lako linaonewa."

"Linaonewa na nani?"

"Na majirani zake. Limebanwa. Huku linasukumwa, kule linasukumwa. Hata wewe ukisukumwa usiku na mchana, hutalia?"

Chui akafikiri. Katika maisha yake hakuna aliyewahi kumsukuma, lakini neno kuonewa lilimpendeza. "Nitalia."

"Basi na lenyewe linalia."

"Kwa hiyo niling'oe au niliokoe?"

"Ushauri wa Kima ni mzuri," Siwatu akasema, "na wa Ngiri ni mzuri. Tutaifuata yote miwili. Tutaokoa, na tutang'oa."

Chui akatabasamu kwa upande mmoja. Mwenye choyo ukimpa kuchagua kati ya vitu viwili, huumwa. Ukimwambia achukue vyote viwili, hupona hapo hapo.

Siwatu akaenda kwenye mti mmoja uliokuwa karibu, akabandua gome lake. Gome lile ni chungu, na ukilitafuna ulimi hufa ganzi. Pimbi wote wanalijua, maana wanatafuna kila kitu. Akalitafuna kidogo, akalitema, akalipaka kwenye fizi za Chui, juu, chini, kulia, kushoto. Akampaka mpaka ulimi wa Chui ukawa kama kipande cha ubao.

Kisha akamwita Kima. "Shuka, unisaidie kamba."

Kima akashuka na kamba ya gome. Akauelekea moja kwa moja ule upande wa kulia, kwenye jino jeusi. Siwatu akamkanyaga mkia.

"La kushoto," akasema.

"Bibi, mbona bovu ni..."

Akamkanyaga tena, zaidi. Kima akamtazama usoni. Akafunga kamba kwenye chonge la kushoto, lile jeupe. Ncha ya pili wakaifunga kwenye jiwe kubwa lililokaa ukingoni mwa jabali.

"Bwana Chui, ndilo hili," Siwatu akasema. "Ndilo linalosukuma."

"Linasukuma?"

"Linasukuma."

"Ng'oa."

Wakalisukuma jiwe. Gulugulugulu, gubu! Na jino, kwatu! Likaruka likapotea majanini. Damu ikatoka. Chui akapepesa macho.

"Unasikiaje?"

Chui akasikiliza kichwa chake. Dawa ilikuwa imekolea. Hapakuwa na ndwi hata moja. "Nafuu," akasema, akashangaa.

"Umeona? Jirani mmoja kahama, amani imeingia. Ila wa chini bado."

"Ndilo hili la chini?"

"Ndilo."

"Linasukuma?"

"Linasukuma."

"Ng'oa."

Gulugulugulu, gubu! Kwatu!

"Unasikiaje?"

"Nafuu zaidi. Kuna jingine?"

"Lipo jenzie."

"Linasukuma?"

"Linasukuma."

"Ng'oa."

Gulugulugulu, gubu! Kwatu!

Kila Kima akifunga kamba anamtazama Siwatu, na Siwatu hamtazami. Kwa kila jino Siwatu anaongeza dawa, na kwa kila jino Chui anasikia nafuu. Wakaja kwenye magego. Chui mwenyewe ndiye aliyehimiza sasa. "Na hilo la nyuma? Nalihisi linasukuma. Na hilo la mbele? Nalo halina adabu." Kama mtu anayefukuza wapangaji. Kwatu. Kwatu. Kwatu. Mawe yakaisha ukingoni, wakapandisha mengine.

Wanyama wakakusanyika huko chini. Ngiri alikuja, akatazama, akakaa kitako bila kupenda. Macho yalikuwa yanahama toka mdomoni mwa Chui mpaka kwa yule Pimbi mdogo, toka kwa Pimbi mpaka mdomoni, na kila mmoja alimtazama mwenzake kuuliza kama anaona anachokiona yeye.

Mwisho Siwatu akanawa mikono kwenye umande wa majani.

"Tumemaliza, Bwana. Jino lako tumeliokoa."

Chui akajaribu kuligusa kwa ulimi. Ulimi haukujua uko wapi. "Siitwi paka?"

"Nani atakuita paka na chonge lako hilo hapo?"

Chui akafurahi. Akainuka, akayumba, akaenda kulala kivulini. Siwatu akaingia ndani ya ufa, akawachukua wanawe wawili, akawapeleka kunywa maji. Walikunywa sana.

Jua likapanda. Dawa ikaanza kuisha. Kwanza Chui aliusikia ulimi ukirudi. Ukatembea kulia. Ukatembea kushoto. Ukatembea tena kushoto, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta uwanja mtupu. Halafu, ndwi. Halafu, ndwi, ndwi.

Akakimbilia kwenye dimbwi, akafungua mdomo, akajitazama. Ndani ya maji aliona pango jekundu, na ndani ya pango limesimama jino moja. Jeusi. Limepasuka.

Chui hakunguruma. Alisahau kunguruma. Alikaa pale, mdomo wazi, mate yakidondoka ndani ya maji, to, to, to. Kila maji yakitulia anatazama tena, na kila akitazama ni lile lile.

Alipopata miguu alikwenda mpaka kwenye ufa. Siwatu alikuwa amekaa mlangoni, wanawe pembeni.

"Hiwatu," Chui akasema, maana herufi nyingine zilikuwa zimeondoka na meno. "Umeng'oa mahima."

"Mazima, ndiyo, Bwana."

"Umeaha bovu."

"Nimeliokoa. Ndivyo ulivyotaka."

Chui akamrukia. Akamkamata mguu, akabana kwa taya zake zote. Fizi zikateleza. Lile jino moja likagonga mfupa, na yeye ndiye aliyelia. Siwatu akautoa mguu wake taratibu, akaukung'uta. Wanyama waliokuwa wakitazama wakashusha pumzi kwa pamoja. Walikuwa wamelijua jambo lile tangu asubuhi, lakini kulijua ni kitu kimoja na kuliona ni kingine. Chui alimkamata Pimbi, na Pimbi akatoka.

Chui akakaa chini. Sasa hata hasira ilikuwa imemwisha. Akauliza kama mtoto, "Haha nifanyeje?"

Siwatu akamtazama. Akakumbuka koo lile. Akamjibu kwa upole, kama mganga anayejali.

"Sasa ni rahisi, Bwana. Ukiling'oa, hutaumwa tena, lakini hutakuwa na jino. Ukiliacha, utakuwa na jino, lakini utaumwa. Amua mwenyewe. Ukishaamua niite, kamba ninayo."

Akawakusanya wanawe, akaenda nao juu ya jabali kuota jua. Walikaa wawili, na kati yao waliacha nafasi.

Chui bado anaamua. Anakula senene na mizoga iliyolainika, analalia shavu la kushoto, na mtu akipita anamuuliza: niling'oe au niliache? Mtu akisema ng'oa, anamkasirikia. Akisema acha, anamkasirikia pia.

Haya, na funzo? Wazee hupenda kusema dawa ya jino bovu ni kung'oa. Wamekosea. Jino linalouma liokoe kwa gharama yoyote, watoto wangu. Chui aliliokoa la kwake, na mpaka leo hajalijutia hilo hata kidogo. Anajutia mengine tu.

— Hapa ndipo ninapoitua hadithi.
— Tuibebe?
— Aliyeipenda aibebe. Asiyeipenda aniachie, mgongo wangu umeizoea.