Manyoya ya Kuku Aliye Hai

Mwanamke mmoja alikuwa na kuku asiye wake. Tulieni, msianze kutazamana. Kuku huyo hakumwiba, alikabidhiwa.

Mwanamke huyo aliitwa Tusekile, mjane, mgeni katika kijiji kimoja cha milimani. Alikuja kulima kishamba cha migomba alichoachiwa na shangazi yake, na shangazi mwenyewe alikuwa ameshazikwa, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumsemea. Watu walimwitikia salamu wakapita zao. Hawakumchukia, ila hapakuwa na aliyemjua, na kijijini mtu asiyejulikana hata jembe haazimwi.

Sasa, palikuwa na mama mmoja mtu mzima, Bibi Atupele, ambaye uwanja wake ulijaa kuku kuliko uwanja mwingine wowote pale. Siku moja alimwita Tusekile, akamkamatia kuku jike mwekundu, mnene, akamwambia aende akamfuge. Hakumwuliza ametoka wapi wala mumewe alikufa kwa nini. Tusekile alirudi kwake amemkumbatia yule kuku kifuani, na njia nzima alikuwa akijiuliza, kwa nini mimi?

Desturi hiyo wengine mnaijua, na msioijua waulizeni wazee wenu. Kuku wa kukabidhiwa anabaki kuwa wa mwenyewe. Akitotoa, vifaranga mnagawana. Akifa kwa ugonjwa, unampeleka kwa mwenyewe vilevile alivyo. Akiliwa na mnyama, unaokota manyoya yaliyobaki unayapeleka, ili ionekane kwamba kuku hakuishia kwenye sufuria yako. Mwenye kuku akishayaona, basi, yamekwisha, mnakaa mnaongea mambo mengine. Lakini anayekwenda bila manyoya, huyo watu humtazama kwa jicho la pembeni, na hakabidhiwi tena hata kifaranga.

Kuku wa Tusekile alitaga, akalalia, akatotoa vizuri. Vifaranga wakagawanywa. Wa Tusekile wengi walikufa wadogo, kama mnavyojua vifaranga walivyo, akabakiwa na jike mmoja, mwekundu kama mama yake. Huyo alikuwa wake kabisa, kitu cha kwanza kijijini pale alichoweza kukiita changu. Tena kulikuwa na jambo kubwa kuliko kuku. Watu walipoona Bibi Atupele amemwamini, na wao walianza kumwamini. Wakamwita kwenye palizi. Wakamwachia watoto wao walipokwenda sokoni. Jirani yake, mwanamke aliyeitwa Lugano, alianza kuja kuomba moto na kukaa kidogo akipiga soga. Tusekile alikuwa ameanza kuwa mtu.

Basi ikatokea siku alipotoka shambani akakuta kuku mwekundu, yule wa Bibi Atupele, hayupo. Aliita, akamwaga punje za mahindi, akaja yule kuku mchanga wa Tusekile, binti wa huyo mwekundu, peke yake. Akatafuta migombani, akatafuta mferejini, akapekua mpaka nyuma ya choo. Hakuona damu, hakuona unyoya. Nyasi za upande wa bondeni zilikuwa zimelala kidogo, kama kitu kimepita hapo, lakini kitu gani hakuweza kusema.

Majirani wakaja kumpa pole, na kila mmoja alikuja na mnyama wake. Huyu alisema ni kicheche, yule akasema kicheche gani mchana wote huu, ni mwewe. Mwingine aliapa ni chatu, akaonyesha kwa mikono unene wa chatu ambaye hakuwahi kumwona. Mnajua tulivyo. Jambo tusilolijua ndilo tunalolieleza kwa kirefu. Wote walipomaliza, Lugano akauliza taratibu, wala hakuuliza kwa ubaya, kama ameyapata manyoya.

Tusekile akaingiwa na hofu. Alilala na hofu hiyo akaamka nayo. Alijiona anasimama mbele ya Bibi Atupele hana kitu mkononi, anasema kuku ameliwa, na Bibi anamtazama. Aliona jinsi watakavyosema kwamba mgeni kala kuku wa watu. Aliona palizi ambayo hataitwa, na watoto ambao hataachiwa. Alijua hana kosa. Lakini asiye na kosa naye huogopa, tena wakati mwingine huogopa kuliko mkosaji, kwa sababu mkosaji amekwisha jiandaa.

Asubuhi hiyo alimkamata yule kuku wake, yule binti. Alimbana katikati ya magoti akaanza kumnyonyoa mgongoni na chini ya bawa, wala hakumchinja. Kuku alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tusekile alikuwa akimwambia pole, pole mama, huku anavuta. Na moyoni alijisemea kwamba hadanganyi, maana kuku ameliwa kweli, naye anausaidia tu ukweli usimame. Jamani, hapo ndipo ninapomwonea huruma yule mwanamke. Alikuwa na ukweli mzima mkononi akauona ni mdogo. Akayafunga manyoya katika jani la mgomba, akaenda.

Kwa Bibi Atupele alikuta tenga limefunikwa uwanjani, na chini ya tenga kuna kuku mchanga, jike, amefungwa mguu kwa kamba ya mgomba kama kuku anayesafiri. Tusekile alifikiri labda kuna mgeni anayeondoka. Bibi alimpa kigoda, akamwuliza habari za shamba na za nyumbani, kisha akamwachia nafasi ya kusema. Tusekile akafungua jani. Akasema kuku ameliwa. Angeishia hapo! Lakini manyoya yalidai yaelezwe, kwa hiyo akasema ameyaokota karibu na mfereji, na palikuwa na damu, na alimwona kicheche kwa mbali akikimbia. Kila alichoongeza kilihitaji kingine cha kukishikilia, naye akaendelea kuongeza.

Bibi Atupele alichukua unyoya mmoja, akaugeuzageuza, akaurudisha taratibu juu ya jani. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Mwanangu," alisema, "mnyama huyo amepita kwangu kabla ya kupita kwako, akanichukulia kuku wangu, na hakuacha unyoya hata mmoja. Ungekuja mikono mitupu ningekuamini."

Bibi alisimama, akaenda kwenye tenga, akalifunua, akamfungua kamba yule kuku mchanga. Kuku akajikung'uta, akakimbilia kwa wenzake. Ndipo Tusekile alipoelewa. Habari ya kuku kupotea ilikuwa imemtangulia, maana kijijini habari haingoji mtu avae viatu, na Bibi alishamkamata kuku wa kumpa badala ya yule aliyeliwa. Alikuwa anamngoja yeye tu aje.

Bibi hakumtangaza kwa watu. Alimsindikiza mpaka mwisho wa uwanja kama anavyomsindikiza mgeni yeyote, akamwombea safari njema, akarudi kwenye kazi zake. Tusekile alishuka mlima akilia, jani la mgomba bado liko mkononi, wala hakujua alitupe wapi. Watu waliendelea kumsalimu na Lugano akaendelea kuja kuomba moto. Lakini kuku wa Bibi Atupele hawakuja tena kwenye uwanja ule, na yeye na Bibi peke yao ndio waliojua sababu.

Huko nyumbani nako kulikuwa na yule binti, mgongo wazi. Ninyi mnaofuga mnajua, kuku akiona ngozi tupu ya mwenzake haiachi. Kuku wa majirani walimdonoa pale aliponyonyolewa, hata akaacha kutoka mlangoni, hata akaacha kula. Tusekile alimpaka majivu na mafuta, akamlaza karibu na jiko. Akafa akiwa mikononi mwake.

Kila ninapolisimulia jambo hili, kuna mtu huja pembeni kuniuliza yule mnyama alikuwa mnyama gani. Ndugu yangu, sijui. Wapo wanaopita na hatutawajua kamwe. Unalala una ndoa, unaamka huna. Una mtoto, una afya, una kazi, kitu kinapita, hata unyoya hakiachi. Nasi tunapokwenda kusimama mbele ya Yeye aliyetukabidhi, tunaona aibu kwenda hivyo hivyo. Tunatafuta wa kumnyonyoa. Mume anamnyonyoa mke, mama anamnyonyoa mtoto, muumini anamnyonyoa jirani yake, ili kila mmoja apate cha kuonyesha kwamba kosa halikuwa lake. Na Yeye tunayemwendea alikuwa kwenye hasara ile kabla yetu, na chini ya tenga ameshatufungia kingine.

Basi nendeni nyumbani mkahesabu pamoja nami. Tusekile alipoteza kuku watatu: yule aliyechukuliwa bondeni, yule aliyefunguliwa kamba, na yule aliyefia karibu na jiko. Wa kwanza aliliwa na mnyama. Hawa wawili, waliliwa na nani?