Farasi wa Arusi na Nyasi za Jini

Katika mji wa Kaharamani, enzi ya Sultani Nadhiri mwenye majeshi na mabustani, palikuwa na ada isiyovunjwa: binti wa Sultani akikaribia kuolewa huwekwa ndani kama kila mwali, na farasi atakayempeleka kwa mumewe huwekwa ndani pia, asikanyage nje hadi siku ya arusi.

Mwaka ule mwali alikuwa Sitti Badriya, na farasi alikuwa Marijani, jike mweupe aliyelelewa kwa mkono na Bi Salha, mke wa Bwana Kathiri, msimamizi wa banda la farasi. Bi Salha alikuwa amefariki, akamwachia mumewe farasi yule na pete ya fedha yenye jini, na Kathiri aliitunza pete asiitumie. Lakini Marijani alipofungiwa, ikabidi nyasi zimfuate ndani, na Kathiri akaona uzito kwenda peke yake kondeni alikozoea kwenda na marehemu. Akaisugua pete.

Jini Shamhari akatokea, kichwa chake kikigusa dari.

"Labeka, bwana wangu. Nibomoe ngome ipi?"

"Hakuna ngome. Mletee Marijani nyasi."

"Nyasi! Kufungwa kote huku petini, kumbe nije kuwa mkata nyasi!"

Hata hivyo akavuta pumzi, na bustani yote ya Sultani ikanyolewa kama kichwa cha mtoto wa arobaini, na nyasi zikakatika laini kama tumbaku, naye akazishindilia pembeni mwa banda, rundo refu kuliko mtu. Marijani akazibugia bila kutafuna, leo na kesho yake.

Asubuhi iliyofuata alikataa maji. Akawa anageuza shingo kuutazama ubavu wake, akiparapara sakafu, kisha akajitupa chini na kugaragara, tumbo limevimba kama ngoma.

Sultani akaja mbio. "Kathiri! Farasi wa arusi akifa, arusi haifungwi. Utanieleza nini?"

Kathiri akaziendea zile nyasi. Akazamisha mkono ndani ya rundo, akauchomoa upesi: mlikuwa na joto kama la mkate utokao tanuri, na harufu ya tui lililochacha. Hapo akamkumbuka Bi Salha akikata nyasi kwa mundu na kuzitandaza juani juu ya mikeka, na yeye akimtania, "Mke wangu, unaanika nyasi kama mpunga?" naye akijibu, "Nyasi mbichi zikirundikwa hujipika, bwana. Na farasi hajui kutapika. Kibaya kikishuka, hakirudi."

"Shamhari, ulijua?"

"Nilijua. Bibi alinikataza kugusa chakula cha huyu. Wewe uliamuru, hukuuliza."

Kathiri akapiga magoti. "Maulana, kosa ni langu. Lakini atolewe nje, atembezwe polepole, asile kitu, huenda tumbo likafunguka."

"Atoke nje? Na ada je?"

Sauti ya Sitti Badriya ikashuka kutoka dirisha la juu. "Baba, mimi nimefungiwa pia, najua ladha yake. Mtoe, au nishuke nimtoe mwenyewe, mji mzima unione!"

Sultani akazishika ndevu zake. "Mtoeni."

Kathiri akamzungusha uani, na kila Marijani alipotaka kulala alimwinua, akimnong'oneza maneno ya Bi Salha. Adhuhuri ikapita, na alasiri. Jua lilipoinama, Marijani akasimama, akainua mkia, akatoa upepo mrefu wa kutikisa taa za baraza, kisha mavi. Sultani na mawaziri wakasikiliza kwa adabu kama wasikilizao kasida.

"Hata mimi," akasema jini, "sijawahi kutoka petini kwa kishindo hicho."

Sultani akacheka hadi kilemba kikaanguka. Kathiri naye akacheka, mara ya kwanza tangu maziko, kisha akauficha uso wake shingoni mwa Marijani.

Arusi ikafungwa, na Sitti Badriya akaenda kwa mumewe juu ya Marijani. Sultani akamtunuku Kathiri joho, dhahabu na konde la nyasi, akataka kumwoza.

"Mali naipokea kwa shukrani, Maulana. Kuhusu mke, uniwie radhi. Bado namsikiliza yule."

Na Shamhari hugeuza nyasi juani hadi leo, akinung'unika.

Basi nawe mwenye farasi, nyasi za kukatwa si haramu kwake: mpe ndefu zilizokatwa sasa hivi, au zilizokauka juani. Zilizorundikwa zikapata moto, usimpe hata akikulilia. Na mtumishi anayejua, muulize kwanza, ndipo umwamuru.