Shimo Chini ya Saruji

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wako mkuukuu utakulaza hata msala wa mpita njia ukishakunjwa ukaenda zake. Pa Nukuone wa kisiwa cha Tikopia aliijua maana hiyo kwa tumbo, si kwa masikio.

Zamani nyuma ya nyumba yake palikuwa na shimo la masi, mashelisheli yaliyofukiwa kwa majani yakachacha. Mkewe, Nau Nukuone, maana huko mume huitwa Pa na mke Nau, alipokuja kuolewa alileta konzi moja ya masi kuukuu kutoka shimo la mamaye, akaichanganya na mpya ili ishike ladha ya kwao. Harufu yake, usiulize! Ndege waliokatiza juu ya ua ule walifunika pua kwa bawa moja, wakaruka kwa lililobaki.

Kisha Pa Nukuone akarudi kutoka mji mkuu, Honiara, na magunia ya mchele, nyama za makopo na mifuko ya saruji.

"Mke wangu, mimi sasa mtu wa duka. Wateja waje wanuse nini? Funga shimo hilo!"

Nau alifunga, mumewe akamwaga saruji juu, akajenga duka. Miaka kumi na miwili wakala kopo. Mashelisheli yakaoza chini ya miti kama mali isiyo na mwenyewe, makopo matupu yakajaa ufukweni hata kaa wakayafanya nyumba za kupanga, na vidole vya miguu vya Pa Nukuone vikafa ganzi kwa ugonjwa wa sukari.

Nau alipofariki, mzee akashikwa na hamu. Si ya nyama, si ya mchele, ila ya ile chachu. Ya mikono aliyokuwa akiikwepa kwa harufu yake. Akazunguka nyumba hadi nyumba na kibakuli, akionja masi za watu. Zote tamu, hakuna iliyokuwa ya Nau. Mwisho akafika kwa Nau Vaimata, mdogo wa marehemu.

"Leo pua imezibuka, shemeji?" alimkejeli.

"Nicheke, lakini nionjeshe ya mama yenu."

"Ya mama ilisombwa na kimbunga. Hii ni ya ukweni kwangu. Ukitaka ya dada, iko palepale ulipoizika. Alipanga majani matabaka saba, akaweka mawe, akasema, 'Mwache amwage saruji yake. Ipo siku pua yake itarudi nyumbani.'"

"Miaka yote hiyo, si imeoza?"

"Masi haizeeki ovyo kama wewe!"

Pa Nukuone akaondoa rafu, akashika mtaimbo. Ile sakafu aliyoipiga deki asubuhi na jioni, akaivunja mwenyewe.

"Pa kapata wazimu!" majirani wakanong'ona.

Majani ya juu yalikuwa meusi. Ya chini yalipofunuliwa, harufu ikapanda ikamkumbatia shingoni. Akapiga magoti, akaonja kwa ncha ya kidole.

"Ndiye," alisema, machozi yakimdondoka.

Alichota konzi moja, akaifunga kwa jani, akaiweka kando.

"Mbona huli?" Nau Vaimata, aliyemfuata hadi pale, aliuliza.

"Hii ya shimo jipya. Nikiimaliza yote, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Msimu ule hakuna shelisheli lililooza chini ya miti yake. Muuguzi alimpima sukari mara mbili, akidhani kipimo kimeharibika, jinsi ilivyoshuka. Na palipokuwa na duka, ndege wakaanza tena kuruka kwa bawa moja.

Naam, usiache mbachao kwa msala upitao.