Nyongeza ya Fisi

Mwaka ule mvua iligoma, na Sungura akabakiwa na kibaba kimoja tu cha asali na watoto wanne wenye njaa. Kwenye gulio la Mkakalani, asali hiyo ilitosha kununua vibaba vinne vya mtama.

"Baba Chuchu," mkewe alimwonya, "juma lililopita ulifuata nyongeza. Mtama ukaisha siku mbili kabla ya gulio."

Sungura aliinamisha masikio. Yeye, mjanja wa mbuga nzima!

Wauza mtama walikuwa wawili. Kobe (kobe wa nchi kavu, si kasa) alijaza kibaba, akakisawazisha kwa kijiti, basi. Fisi alirundika mtama ukawa kama kichuguu, kisha akaongeza konzi mbili.

"Nyongeza, jamaa zangu! Kwa Kobe mtapata nini? Kijiti?"

Wateja wakacheka, wakajazana kwake. Sungura naye miguu ilimpeleka huko huko. Mara akamwona Fisi akipangusa kibaba chake. Kwa nje kilikuwa kirefu, lakini mkono wa Fisi ulizama hadi vifundo vya vidole tu.

"Mjomba, nipimie vinne," alisema Sungura. "Ila nitangulize malipo."

Akakitwaa kibaba kile, akamimina asali. Kikajaa upesi, na kibuyuni ikabaki karibu nusu. Fisi, mate yakimdondoka, akaona utamu ule unarudi nyumbani kwa Sungura.

"Wee! Usipime humo!"

"Kwa nini, Mjomba?"

"Hicho kidogo! Azima cha Kobe!"

Simba, mkuu wa gulio, akaacha kuchana sharafa zake.

"Kidogo? Hata mimi, Simba, ulinipimia humo?"

Akamrudishia Sungura asali yake, akatia ukucha ndani ya kibaba na kubandua pande nene la nta. Fisi akaamriwa kumfidia kila mteja kwa kibaba cha Kobe, mpaka gunia likalegea.

Sungura alinunua kwa Kobe.

"Mzee, huongezi hata punje?"

"Wala sipunguzi."

Mtama ule uliwafikisha gulio lililofuata. Fisi alirudi kwake akitafuna ile nta, kwa kuwa ilibaki na utamu kidogo. Na hadi leo, mnunuzi wa Mkakalani hutia mkono ndani ya kibaba kwanza, ndipo atazame kilichorundikwa juu.